Kuendesha barabara ya mzunguko ya katikati ya jiji: alama, leni na makutano hatua kwa hatua

Ukipitwa na njia yako ya kutokea kwenye barabara ya mzunguko, endelea mbele. Utaizunguka katikati ya jiji na kurudi palepale, na hasara yako itakuwa dakika chache tu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo dereva mgeni analosahau pale anapoiona kona yake ikimpita. Anakanyaga breki katikati ya leni, au anakata leni tatu kwa mpigo mmoja, na aliye nyuma yake hana namna ya kujua kinachokuja.

Nimekaa kiti cha abiria na madereva wengi wanaojifunza. Wengi wa waliokwama kwenye mzunguko walikuwa wanajua kuendesha: gia zinaingia vizuri, usukani umetulia, vioo wanavitazama. Walichelewa kusoma tu. Alama iliwaambia la kufanya wakiwa na nafasi ya kutosha, wao wakaiona wakiwa wameshafika. Kwa hiyo karibu kila kitu humu kinahusu kuusogeza uamuzi nyuma, ufanyike mapema kuliko unavyodhani inahitajika.

Ijue kwanza sura ya mzunguko wenyewe

Mizunguko mingi haina umbo la duara. Katika miji ya zamani ya Ulaya imefuata mahali palipokuwa na kuta za mji. Vienna, Austria, ilipata Ringstrasse, barabara yake ya mzunguko, baada ya Mfalme Franz Joseph kuamuru mwaka 1857 kuta zibomolewe, na mzunguko mdogo wa Brussels nao umekaa juu ya mstari wa kuta za karne ya 14. Kuta za ngome zilikuwa na pembe, na barabara ikarithi pembe hizo. Kwingineko mzunguko umeundwa kwa kuunganisha mitaa iliyokuwapo na kuifanya ya upande mmoja. Hapo utakuta barabara pana inabana ghafla, leni inazaliwa mbele ya jengo moja na kufa mbele ya jengo la pili.

Usitegemee basi kupinda taratibu kama unazunguka kiwanja. Tegemea vipande vilivyonyooka vinavyokatizwa na kona, na nyingi za kona hizo ndizo zenye makutano.

Jambo la pili, acha kufikiria kushoto na kulia. Fikiria ndani na nje. Ndani ni upande wa moyo wa jiji, nje ni upande wa vitongoji na barabara kuu. Katika nchi zinazoendesha kushoto, mzunguko kwa kawaida hufuata mwendo wa mshale wa saa, hivyo jiji liko kulia kwako. Kwa wanaoendesha kulia ni kinyume chake. Lakini barabara ikishafanywa ya upande mmoja, wahandisi wanaweza kuielekeza watakako, na vipande vingine vya mzunguko huwa na magari ya pande zote mbili. Ukishajua ndani ni wapi, leni zinaanza kuwa na maana: kwa kawaida leni za ndani zinakuingiza mjini, leni za nje zinakutoa, na za kati zinakupeleka mbele.

Kabla ya kuwasha gari

Chukua karatasi. Chora mzunguko vibaya vibaya, weka alama pale utakapoingilia na pale utakapotokea. Kisha andika majina matatu: njia ya kutokea iliyo kabla ya yako, ya kwako, na inayofuata baada yake.

Jina la kwanza ndilo lenye kazi kubwa zaidi. Mimi naliita jirani. Ukiiona alama ya jirani, unajua wewe ndiye unayefuata, na unapaswa uwe tayari kwenye leni yako. Jina la tatu ni la kukujulisha kwamba umeshapitwa, ili uache kutafuta.

Usihesabu njia za kutokea kwa vidole. Mdomo wa maegesho, uchochoro wa kushushia mizigo na lango la hoteli vyote vitaonekana kama njia, na hesabu itaharibika kabla hujafika nusu. Kama makutano yamepewa namba rasmi, kama yale tisa ya mzunguko wa Coventry nchini Uingereza, tumia namba iliyoandikwa kwenye kibao, usitumie ya kichwani mwako.

Soma umbo kabla ya maneno

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama na ishara za barabarani ndio uliozipa nchi nyingi lugha moja. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza. Duara la bluu lenye mshale mweupe linaamuru: ni huko tu. Marekani ina mfumo wake, ambapo onyo hukaa kwenye almasi ya njano na amri nyingi kwenye mstatili mweupe. Hata hivyo alama mbili zimekaribia kuwa za dunia nzima: pembenane nyekundu ya kusimama, na pembetatu iliyopinduliwa ya kutoa njia. Maumbo hayo hayafanani na mengine, ndiyo maana unaweza kuyatambua hata ukiyaona kwa mgongo. Hilo lina faida kwenye mzunguko: ukiona mgongo wa pembetatu iliyopinduliwa kwenye barabara inayoingia kutoka pembeni, unajua wao ndio wanaopaswa kukusubiri.

Alama za kukataza zinazokuhusu zaidi hapa ni tatu. Duara jekundu lenye mstari mweupe wa kulala maana yake usiingie. Utaliona kwenye midomo ya mitaa inayotoa magari kuja kwenye mzunguko, na mtaa huo si wako hata kama ramani inaonyesha ni njia fupi. Mshale uliokatwa kwa mstari maana yake usikate kona huko. Ya tatu ni zile za ukomo wa kimo na uzito, ambazo dereva wa gari dogo hazitazami, lakini mwenye gari la mizigo akizipuuza atakuja kuzikumbuka akiwa amekwama chini ya daraja.

Chini ya alama mara nyingi kuna kibao kidogo. Kisome. Ndicho kinachosema "isipokuwa mabasi", au saa ngapi hadi saa ngapi. Leni ya mabasi inaweza kuwa marufuku kwako asubuhi na halali kwako mchana, na tofauti yote iko kwenye kibao hicho.

Sasa vibao vya mwelekeo. Makutano yaliyowekewa alama vizuri huwa na vitatu kwa mfuatano. Cha kwanza kiko mbali na kinakuandaa. Cha pili kiko kwenye kona yenyewe na mshale wake unakuonyesha pa kuingilia. Cha tatu kiko baada ya kona na kinathibitisha unakoelekea. Dereva mgeni hutegemea cha pili. Dereva mwenye uzoefu hufanya kazi yote kwenye cha kwanza, na cha pili humhakikishia tu.

Kibao kikiwa cha mchoro kama ramani, soma kuanzia chini. Wewe uko mguuni pa mchoro unaelekea juu. Fuata mstari hadi uone tawi lenye jina lako, na usipoteze muda na matawi mengine.

Rangi za vibao hivi hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo ukisafiri usibebe maana za kwenu. Jifunze pia vijidesturi vya mahali. Uingereza, namba ya barabara iliyofungwa kwenye mabano inamaanisha kwamba barabara hiyo utaifikia kwa kupitia hii, bado hujaingia humo. Ufaransa utakuta kibao cha "Toutes directions", yaani pande zote: kifuate, kitakuzungusha hadi pale majina yatakapoanza kugawanyika. Kando yake kunaweza kuwa na "Autres directions", pande nyingine, ambacho ni cha kila mahali pasipotajwa kwenye vibao vilivyo jirani. Wageni wengi huviogopa kwa sababu jina wanalolitafuta halipo, wakati hivyo ndivyo vinavyowapeleka.

Na tahadhari moja kuhusu kibao kinachosema katikati ya jiji. Kinakuingiza ndani ya mzunguko, kwenye mitaa myembamba ya upande mmoja. Kama unataka kupita tu kwenda upande wa pili wa jiji, hicho si chako.

Kuingia

Unaingia kwa njia moja kati ya tatu: kwenye mataa, kwa alama ya kutoa njia, au kwa leni inayoungana na mzunguko ubavuni. Mataa ni rahisi. Leni ya kuungana inadai ulinganishe mwendo wako na wa waliomo kabla leni haijaisha. Ukisimama mwisho wake utaanza kutoka sifuri mbele ya magari yanayokimbia.

Kwenye alama ya kutoa njia, macho yako yatataka kukodolea upande mmoja tu, kule magari yanakotoka. Geuza pia shingo upande wa pili. Mizunguko mingi ya upande mmoja ina leni ya mabasi au ya baiskeli inayokwenda kinyume cha magari, na mwenda kwa miguu anaweza kuvuka akitokea popote.

Ukipata nafasi, ingia kwenye leni iliyo karibu nawe na ubaki humo. Usiingie ukiwa unakata moja kwa moja kwenda ya tatu. Acha kwanza usome alama moja ukiwa umetulia, halafu hama leni moja kwa wakati.

Hapa tufanye hesabu kidogo, maana ndiyo iliyobadilisha namna ninavyofundisha. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Kuhama leni moja kwa usalama kunahitaji kioo, indiketa, kutupa jicho begani kuona pale vioo visipofika, kisha kuhama. Ukifanya kwa haraka ni kama sekunde tano, yaani mita 70. Kuhama leni tatu ni zaidi ya mita 200. Umbali kati ya makutano mawili katikati ya jiji mara nyingi hauzidi huo. Kwa hiyo dereva anayeamua baada ya kumpita jirani, akiwa leni ya mbali, ameshachelewa hata kama bado haioni kona yake. Hapo ajihesabu amepitwa.

Kukaa kwenye leni sahihi

Mishale iliyochorwa chini ndiyo sheria ya leni yako. Tatizo ni kwamba wakati wa foleni mishale inakuwa chini ya magari, na pengine rangi imefutika. Tazama vibao vya juu vinavyoning'inia kila kimoja juu ya leni yake. Visipokuwapo, tazama magari yaliyo mbele: leni nzima ikiwasha indiketa upande mmoja, ujue hiyo ni leni ya kutokea.

Tofautisha leni inayoisha na leni inayokutoa. Inayoisha inabanwa taratibu, na unaungana na leni ya pembeni. Inayokutoa haibanwi hata kidogo, inaendelea kwa raha zake hadi unajikuta uko nje ya mzunguko. Katika nchi nyingi mstari kati ya leni hiyo na inayofuata ndio unaokuashiria: vipande virefu vya kawaida vinageuka kuwa vifupi na vinene. Ukiona hivyo na hutaki kutoka, hama sasa. Mstari ukishakuwa mzima usiokatika, nafasi imekwisha.

Kama njia yako ya kutokea bado iko mbali, kaa leni ya kati, ambako mara nyingi hakuna kinachokulazimisha kutoka.

Sehemu ngumu kuliko zote ni pale njia ya kuingilia inapofuatwa mara moja na njia ya kutokea. Wanaoingia wanataka kwenda ndani, wanaotoka wanataka kwenda nje, na wote wanatumia kipande kilekile kifupi. Wanasukana kama ukili. Mzunguko wa Coventry, uliojengwa kwa awamu kati ya mwaka 1962 na 1974, unajulikana sana kwa vipande hivi. Namna ya kuvipita ni kuchagua gari moja tu: yule aliye sambamba nawe anayetaka mahali pako. Amua mapema kama utakuwa mbele yake au nyuma yake, onyesha kwa mwendo wako, na ushikilie uamuzi huo. Mara nyingi kuwa nyuma ni rahisi, kwa kuachia mafuta kidogo nafasi inafunguka yenyewe. Hatari iko pale wote wawili wanapobadilisha mawazo kwa wakati mmoja. Na kabla hujasogea, tazama tena begani. Pikipiki hupita katikati ya leni mbili kwa kasi ambayo kioo hakiwezi kukuonyesha kwa wakati.

Makutano yenyewe

Kwenye mataa, hakikisha unaitazama taa ya leni yako. Makutano makubwa huwa na taa za mishale, na kijani ya wanaokata kona imewafanya madereva wengi wa leni ya jirani waondoke kwenye nyekundu yao. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja.

Njano haimaanishi kimbia. Kwa kawaida hudumu kama sekunde 3. Kitabu rasmi cha sheria za barabarani cha Uingereza kinaweka umbali wa kusimama kwa maili 30 kwa saa, yaani kama kilomita 48, kuwa mita 23, barabara ikiwa kavu. Kwa hiyo njano ikikuwakia ukiwa umbali unaozidi huo sana, unaweza kusimama bila kukanyaga breki kwa hofu. Ikikuwakia ukiwa karibu sana na mstari, na kusimama kutamfanya wa nyuma akugonge, pita.

Usikimbilie kijani. Kwenye barabara ya upande mmoja ni rahisi kupanga mataa yafuatane, kwa sababu hakuna magari ya upande wa pili ya kuyafikiria. Yakipangwa hivyo, dereva wa mwendo uliotulia anakuta kijani baada ya kijani. Anayekimbia anafika kwenye nyekundu na kusubiri.

Boksi la njano lenye mistari iliyokatizana lina kanuni moja: usiingie kama huoni nafasi ya gari lako upande wa pili. Baadhi ya nchi, Uingereza ikiwamo, zinamruhusu anayekata kona kusubiri ndani ya boksi kama anazuiwa na magari yanayokuja mbele yake. Kwenye mzunguko wa upande mmoja hakuna magari yanayokuja mbele yako, kwa hiyo ruhusa hiyo haikusaidii. Kijani yako haikupi haki ya kuziba makutano. Subiri kwenye mstari hata wa nyuma akipiga honi.

Raundabauti, au kipilefti kama wengi tunavyoiita, ikiwa sehemu ya mzunguko, mara nyingi unawapisha waliomo ndani. Uingereza iliiweka kanuni hiyo mwaka 1966, na nchi nyingi zinaifuata. Pana pasipofuata: kwenye Place de l'Étoile mjini Paris, ambako barabara 12 zinakutana, anayeingia ndiye mwenye haki. Soma alama ya pale ulipo. Na ukikutana na raundabauti yenye vizuizi vya chini vinavyotenganisha leni, aina iliyobuniwa Uholanzi miaka ya 1990, ujue hakuna kuhama ndani. Leni uliyoingia nayo ndiyo itakayoamua utokee wapi.

Kutoka

Washa indiketa baada ya kumpita jirani. Ukiiwasha kabla, anayesubiri kwenye mdomo wa jirani ataamini unatoka hapo, na ataingia mbele yako. Kosa hili ni dogo kwa kulitazama lakini linagonganisha magari.

Punguza mwendo ukiwa umeshaingia kwenye njia ya kutokea kama ina urefu wa kutosha. Kama ni kona ya ghafla, gusa breki mapema na kwa upole ili taa zako za nyuma ziongee kabla hujapunguza hasa.

Ukitoka kwenda nje, kinachobaki ni kuangalia wanaovuka kwa miguu mdomoni mwa mtaa. Ukitoka kwenda ndani, kazi ni zaidi. Unaweza kuwa unakata leni ya mabasi au ya baiskeli inayokuja kinyume, kisha reli ya tramu, kisha kivuko. Vikate kimoja kimoja kwa macho. Usivuke cha kwanza kabla hujaona pa kusimama baada yake.

Ukipitwa

Zima indiketa. Rudi kwenye leni ya kati kwa hatua zilezile. Usirudi nyuma hata mita moja, usisimame kwenye pembetatu ya mistari kati ya njia mbili, usichomekee mbele ya foleni ya wanaotoka. Usitoke kwenye njia inayofuata ukitumaini kugeuza huko ndani, kwa sababu mitaa ya upande mmoja inaweza kukusukuma mbali zaidi. Zunguka. Mara ya pili unamjua jirani kwa sura, na leni unayoitaka unaifahamu.

Kama una abiria, waambie wanyamaze kidogo. Mtu anayepiga kelele "hapo, hapo!" ndiye anayezaa ile breki ya ghafla.

Simu ya ramani

Itumie, lakini isiwe ya kwanza. Kati ya majengo marefu mawimbi ya setilaiti hugonga kuta na kurudi, na simu inaweza kukuweka mtaa wa pili. Kwenye njia ya chini ya ardhi inapotea kabisa. Sauti yake nayo hukuambia ukate ukiwa umeshafika. Iweke ikuambie jina la njia ya kutokea, wewe uitafute kwenye vibao. Alama iliyo mbele yako ikipingana na simu, fuata alama.

Mazoezi ya mizunguko mitatu

Panga siku isiyo ya kazi, asubuhi na mapema, magari yakiwa machache. Mzunguko wa kwanza usiwe na pa kwenda: kaa leni ya kati, zunguka mara moja, na usome kwa sauti kila kibao cha kwanza cha kila makutano. Mzunguko wa pili, taja jirani wa kila njia ya kutokea kabla hujamfikia. Mzunguko wa tatu toka, ingia tena, toka kwingine.

Siku nyingine rudia usiku, na siku ya mvua. Maji yakitanda juu ya lami, taa za magari zinang'aa ndani yake na mishale ya chini inatoweka. Utabaki na vibao vya juu, umbo la alama na majina yako matatu. Ongeza nafasi kati yako na wa mbele, na hama leni njia moja ya kutokea mapema zaidi kuliko ulivyofanya asubuhi ile.